Maswali ya "siku kama ya leo" kwenye sherehe ya kuzaliwa

Sherehe nyingi za kuzaliwa hapa Nairobi hufuata mkondo mmoja: wageni hufika wamechelewa kwa sababu ya msongamano wa magari Jogoo Road, pilau huliwa, keki hukatwa, aliyezaliwa humwagiwa maji, kisha kila mtu hurudi kwenye simu yake. Nyumbani kwetu tumeongeza jambo moja kati ya pilau na keki, na siku hizi ndilo ninaloliandaa kabla ya mengine yote: maswali ya historia kuhusu mambo yaliyotokea tarehe iyo hiyo miaka iliyopita.

Ukitaka kujaribu, usichague tukio kwa sababu tu ni maarufu duniani. Tafuta tukio ambalo kuna mtu pale sebuleni anayeweza kusema, "Mimi nakumbuka siku hizo." Jibu lenyewe huchukua sekunde chache. Masimulizi yanayofuata ndiyo yanayowaweka watu pamoja.

Binti yangu alizaliwa tarehe 8 Oktoba, na tarehe hiyo ina utajiri mwingi kwa Mkenya. Tarehe 8 Oktoba 2004 ndipo ilipotangazwa kwamba Profesa Wangari Maathai ameshinda Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Sikuwauliza ilikuwa mwaka gani. Niliuliza: "Baada ya kupata habari hizo, Wangari alifanya nini?" Watoto wakapiga kelele: alilia, aliruka, alimpigia mamake simu. Jibu ni kwamba alipanda mti, kule Nyeri, Mlima Kenya ukiwa mbele yake.

Hapo shangazi yangu akaweka kikombe cha chai chini. Mwaka 1992 alikuwa akifanya kazi katikati ya jiji, na alikuwa akipita Uhuru Park wakati akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipogoma kula, Wangari akiwa pamoja nao, pale palipokuja kuitwa Freedom Corner. Alieleza jinsi watu walivyopunguza mwendo kuwaangalia bila kuthubutu kusimama, na jinsi habari zilivyoenea polisi walipowavamia mwezi Machi na Wangari akapigwa hadi akazirai. Mpwa wangu mmoja akauliza, "Shosho, mfungwa wa kisiasa ni nani?" Kutoka hapo tukarudi nyuma hadi 1989, Wangari alipopinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika bustani iyo hiyo. Keki ikasubiri sana, na hakuna aliyeiulizia.

Swali jingine la siku hiyo lililopendwa lilikuwa hili: "Kuna mji wa Marekani unaotajwa mara mbili tarehe 8 Oktoba, mara moja kwa moto mwaka 1871, na mara nyingine kwa mbio mwaka 2023. Mji gani huo?" Wapenzi wa riadha waliruka mara moja: Chicago. Ndiko Kelvin Kiptum alikomaliza marathoni kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35, akaipunguza rekodi ya dunia ya Eliud Kipchoge kwa sekunde 34. Miezi minne baadaye, Februari 2024, Kiptum alifariki katika ajali ya barabarani. Tulinyamaza kidogo kwa heshima yake, kisha tukaendelea. Naamini watoto wanastahili kuambiwa habari yote, hata siku ya furaha.

Kuhusu namna ya kuuliza, achana na maswali ya kukariri miaka, maana huwavunja moyo watoto na wageni waliosahau masomo. Uliza kipi kilitangulia: Tuzo ya Wangari au M-Pesa? (M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007.) Wapange watu kwa makundi yenye mzee na mtoto pamoja. Simu ziwekwe kando. Maswali kumi yanatosha, na anayekosea amwagiwe kikombe kimoja cha maji kama mwenye sherehe.

Hakikisha tarehe zako, tena kwa makini. Ya kwanza unayoiona mtandaoni huenda ikawa ya tukio jingine. Tuzo ya Nobel hutangazwa Oktoba lakini hukabidhiwa tarehe 10 Desemba, na watu huzichanganya. Saa za dunia nazo zina mtego wake: vitabu vingi vinasema Neil Armstrong alikanyaga mwezini tarehe 20 Julai 1969, lakini kwa saa za Nairobi ilikuwa karibu saa kumi na mbili asubuhi, tarehe 21. Aliyezaliwa 21 Julai hapa kwetu anaweza kuidai siku hiyo bila wasiwasi.

Tarehe nyingine ni za msiba. Ukiwa na mgeni wa 7 Agosti, usiufanye mlipuko wa bomu wa 1998 katika ubalozi wa Marekani kuwa swali la kushindania alama. Jirani unayemwalika huenda alimpoteza mtu siku ile. Tafuta tukio la mwaka mwingine.

Na wazee wasiojua tarehe zao? Wako wengi, na kwenye kitambulisho wameandikiwa mwaka wa kukadiria tu. Kwao tumia kipindi. Mama mkwe wangu anachojua ni kwamba alizaliwa wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni 20 Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Tulimchagulia siku sisi wenyewe, kisha tukamwomba yeye ndiye aulize. Akawauliza wajukuu majina ya wale sita walioshtakiwa Kapenguria kwa madai ya kuongoza Mau Mau. Wote walimjua Jomo Kenyatta, mmoja akamtaja Paul Ngei. Waliobaki, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, aliwataja mwenyewe, na kwa kila jina akawa na la kusimulia.