Tovuti inafunguka kwa kila mtu isipokuwa ofisini

Jumatatu moja asubuhi mkurugenzi wa ofisi ninayoihudumia alinipigia simu akiwa amechemka. Tovuti yao mpya, iliyopandishwa hewani wikiendi ile, haifunguki. Nikaijaribu kwenye simu yangu humo humo ndani ya daladala, ikafunguka bila shida.

"Mbona kwangu inafunguka, bosi?"

"Kwako sawa. Huku kwetu hakuna hata mmoja aliyeiona."

Nilipofika nikazima rauta nikaiwasha. Nikasafisha brauza za watu. Nikawapigia wanaotuhifadhia tovuti, nikawasema vya kutosha, kumbe wa kusemwa nilikuwa mimi. Kosa nilikuwa nimelifanya miezi minne nyuma, siku niliyofunga seva ya ofisi ile, na lilikuwa kosa la jina tu.

Tuseme jina la tovuti ni www.mfano.co.tz (la kweli nimelificha). Sisi hulisoma kuanzia kushoto, lakini kompyuta hulitafuta kuanzia kulia. Kwanza tz, yaani Tanzania. Chini yake co, fungu la kampuni. Vyuo vina ac, shule sc, serikali go. Halafu mfano, sehemu ambayo wewe unailipia kila mwaka. Hiyo mfano.co.tz nzima ndiyo domeni. Ile www ya mwanzo ni jina la mashine moja ndani ya domeni hiyo, yaani hosti. Ungeiita nyanya badala ya www, intaneti isingejali hata kidogo, mradi jina hilo limeandikishwa na anwani yake ya IP, yaani nambari ambayo kompyuta hutumia kuipata mashine yenyewe.

Vitabuni domeni huitwa kikoa. Neno hilo lilinichekesha mwanzoni, maana ninavyojua mimi, kula kikoa ni watu kupeana zamu za kuandaa chakula wakala pamoja. Siku hizi nalikubali. Katika kikoa hakuna nyumba moja inayopikia watu wote siku zote, na kwenye majina ya intaneti hakuna seva moja inayoyajua yote. Seva za mzizi zinakuelekeza kwa wa tz, wa tz anakuelekeza kwa anayeijua mfano.co.tz, na huyo ndiye anayekutajia www iko wapi. Zamani majina yote ya ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, yalikaa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na Elizabeth Feinler na wenzake kwenye taasisi ya utafiti ya SRI, California. Mashine zilipozidi, faili likaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akaleta DNS, mfumo wa kutafuta anwani kwa majina tunaoutumia hadi leo.

Sasa kosa langu. Windows Server, programu inayoendesha seva, iliponiuliza domeni ya ofisi (yaani kundi la kompyuta ambazo seva hiyo inazisimamia) iitweje, nikaandika mfano.co.tz, jina lile lile la nje. Niliona nimefanya la maana, majina yamelingana! Kuanzia hapo seva ile ikajihesabu kuwa ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu mfano.co.tz. Mfanyakazi akiulizia www, seva inatazama daftari lake, haikuti www, inajibu jina hilo halipo. Haiendi kuuliza nje, kwa sababu huwezi kumuuliza jirani habari za nyumba unayoamini ni yako.

Kilichoniokoa ni amri mbili. Niliandika nslookup, amri ya kuulizia anwani ya jina, yaani nslookup www.mfano.co.tz, nikajibiwa hakuna kitu kama hicho. Nikaandika tena nikiongeza 8.8.8.8 mwishoni, ili swali liende kwa Google badala ya seva yetu, na anwani ikaja papo hapo. Majibu mawili tofauti kwa swali moja. Tovuti ikifunguka kwa wengine na kwako ikagoma, anzia hapo kabla hujamgombeza mtu.

Dawa ilikuwa kuingiza www na anwani yake kwenye daftari la seva ya ndani. Dakika mbili. Ila kabla sijaligundua hilo nilikuwa nimeshamtuliza bosi kwa njia ya mkato: nilifungua faili la hosts, orodha ya majina na anwani iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, kwenye laptopu yake, mjukuu wa lile la akina Feinler, nikaandika anwani ya tovuti kwa mkono. Ikafunguka, akafurahi, nami nikasahau. Miezi kadhaa baadaye tovuti ikahamishiwa seva nyingine. Kila mtu akaona kurasa mpya, isipokuwa bosi, aliyekuwa akilalamika kwamba bei hazijabadilishwa. Kompyuta hutazama faili la hosts kabla ya kuuliza DNS. Ukiandika humo, andika na kwa kalamu kwenye karatasi kwamba umeandika.

Majina ya kompyuta zenyewe nayo yalinitoa jasho. Nilipenda majina yanayojieleza, nikaita moja MHASIBU-GHOROFA-YA-KWANZA, nyingine MHASIBU-GHOROFA-YA-PILI. Windows ikanionya kwamba jina fupi linaishia herufi 15, nikabonyeza OK bila kusoma. Hesabu mwenyewe: zote mbili zinabaki MHASIBU-GHOROFA. Ya pili niliiunganisha kwenye domeni Jumamosi, ya kwanza ikiwa imezimwa, na ikachukua nafasi yake. Jumatatu mhasibu wa ghorofa ya kwanza akakataliwa kuingia kwenye mashine yake mwenyewe. Sasa natumia mhs-01, mhs-02, herufi na tarakimu na kistari basi. Mstari wa chini (_) siuweki, kwani kuna programu zinazoukataa.

Ofisi nikiianza upya, domeni ya ndani naipa tawi lake, kama ofisi.mfano.co.tz, na ile kuu naiachia dunia ya nje. Kwa wale wa kwanza nimechelewa, kulibadilisha jina la domeni ambayo kompyuta zote zimejiunga nayo ni kazi ya kulala ofisini. Na bado kuna kilema kimoja: akiwa ndani, mtu akiandika mfano.co.tz bila www, anapelekwa kwenye seva ya ofisi, kwa sababu jina hilo tupu seva inalihitaji kwa kazi zake. Pale mapokezi nimebandika karatasi: "TAFADHALI ANZA NA WWW." Ipo hadi leo, imeshapauka.