Wakili wa mwenzio si wakili wako

Kaka wa Langoni, nimelisoma swali lako mara mbili. Mna nyumba ya mawe ya marehemu babu, Mjerumani ataka kutia pesa muifanye ya wageni, na akwambia mawakili wake wa Nairobi watatengeneza karatasi zote, wewe usitoe hata shilingi. Wauliza kama pana ubaya hapo.

Mimi niko Malindi, na hiyo hiyo "usitoe hata shilingi" ndiyo iliyonipandisha basi la usiku kwenda Nairobi miaka kadhaa iliyopita. Mama ana ploti upande wa Casuarina, tulikuwa na vibanda vitatu vya makuti, na Muitaliano mmoja, mtu mzuri kusema kweli, akataka tujenge vyumba vya kisawasawa. Nikashuka alfajiri, nikanawa uso kwenye choo cha kituo cha mafuta, nikavaa shati niliyoikunja ndani ya gazeti, nikaenda Upper Hill.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu, kiyoyozi cha kutetemesha, zulia la kumeza nyayo. Wakili mkubwa alikaa nasi kama dakika ishirini, akaniuliza habari za bahari, kisha akatukabidhi kwa kijana aliyeonekana ametoka chuo juzi. Kijana alikuwa hodari, simdharau, na baadaye niligundua kuwa ndiye aliyeandika kila neno. Akaleta faili nene, na kila mahali palipotakiwa saini yangu pamebandikwa kikaratasi cha njano chenye mshale. Nilihesabu mishale kumi na mmoja. Kalamu ilikuwa tayari juu ya meza.

Sikutia saini. Wala usidhani ni ujanja: miwani niliisahau nyumbani. Nikasema nitakwenda nayo nikaisome. Muitaliano akacheka. Wakili hakucheka.

Malindi nikampelekea mama mmoja wakili, ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa, feni moja, mafaili mpaka chini ya kiti. Hakuanza ukurasa wa kwanza. Alifungua wa mwisho, panapoandikwa hati imetayarishwa na nani, kisha akachomoa ile barua iliyokuja na faili. Akanisomea: "kwa maagizo ya mteja wetu." Akauliza, "Mteja wao ni nani hapa?" Jina halikuwa langu. Miezi miwili nilikuwa nikiwaita "mawakili wetu". Akasema, "Hawakukudhulumu, mwanangu. Wamemfanyia kazi aliyewalipa."

Akaonyesha mambo mawili, na yote mawili yakuhusu wewe.

La kwanza ni ardhi. Rasimu ilitaka ploti ya mama ihamishiwe kampuni ambayo mimi na Muitaliano tungeiunda, iwe ndiyo mtaji wetu. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 chasema asiye raia hashiki ardhi Kenya ila kwa kukodi, na si zaidi ya miaka 99. Na kampuni huhesabiwa raia iwapo hisa zake zote ni za raia. Hisa moja tu ikiwa ya mgeni, basi kampuni nzima ni mgeni. Maana yake ploti yetu isiyo na ukomo ingeingia kule ikageuka ya kuhesabiwa miaka. Na kampuni ikifilisika, mama yuko wapi? Tukabadilisha: ploti imebaki kwa jina lake, kampuni yamlipa kodi.

La pili ni hisa. Katika hiyo kampuni nilipewa 20 kwa mia, nikaona si haba kwa mtu asiye na pesa. Mama wakili akachukua penseli. Chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, azimio maalumu, kama lile la kubadilisha katiba ya kampuni, lahitaji asilimia 75 ya kura. Mwenye 20 hupewa taarifa tu. Ukipita 25, hawawezi kulipitisha bila wewe. Niliomba 30, nikapata baada ya mwezi mzima wa kununiana. Lakini usilewe na hiyo 30: mkurugenzi huondolewa kwa azimio la kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura, kwa hiyo kiti chako kwenye bodi kilindwe ndani ya mkataba wa wanahisa, kwa maandishi.

Alinitoza elfu thelathini na tano, nikalipa kwa mafungu mawili. Niliuza injini ya mashua kuipata ile ya kwanza, na mke wangu hakunisemesha siku tatu.

Sisemi uwakimbie wa Nairobi. Mkataba wao baada ya kurekebishwa ulikuwa safi kuliko ambao ningeandikiwa hapa, na siku hizi kampuni husajiliwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, huna haja ya kupanda basi tena. Waache waandike, wa kwako asome. Huyo wa kwako mtafute kwanza kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, Law Society of Kenya, uone kama leseni yake ya mwaka huu iko hai, maana huisha kila tarehe 31 Desemba. Mwambie akuandikie ada yake, na uulize kama VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya 16 kwa mia imo ndani au iko juu yake.

Sasa nikuulize wewe. Umesema nyumba ni ya babu "yenu". Mirathi imeshapita kwa Kadhi, au bado hati iko kwa jina la marehemu? Kama bado, huna cha kumpa Mjerumani, wala shangazi zako hawajaulizwa. Anzia hapo, Nairobi baadaye.