Kichwa cha 93 na cha SGR kwenye reli moja

Ndugu yangu, umeuliza uchonge kwa kipimo gani mfano mdogo wa kichwa cha treni cha dizeli cha aina ya 93, na kama kitatumia reli yako ndogo ya upana wa milimita 45 pamoja na kile cha SGR (reli mpya ya kisasa) utakachojenga baadaye. Kutembea, vyote vitatembea. Kulingana ndiyo taabu.

Reli ya zamani ya Mombasa ina upana wa mita moja. Ukiifanya milimita 45, unapata takriban 1:22.5, yaani mfano ni mdogo mara 22.5 kuliko halisi. Ile ya SGR, ya kituo cha Miritini, ni milimita 1,435, kwa hiyo reli yako hiyohiyo inakupa 1:32. Dereva wa sentimita 170 atakuwa sentimita 7.6 kwenye 93, na 5.3 tu kwenye SGR. Ukiviweka bega kwa bega, dereva mmoja ataonekana mtoto. Mimi ningechagua 93. Ndicho kichwa chetu, kimeunguruma hapa tangu miaka ya sabini, na kwa ukubwa huo hata kitasa cha mlango unakichonga ukakishika kwa kidole.

93 halisi ina ekseli sita, kila moja na mota yake. Injini ya dizeli haizungushi magurudumu; inazungusha jenereta, na umeme ndio unaovuta. Wewe mota mbili zitakutosha, moja kila bogi (fremu ya magurudumu chini ya kichwa).

Lakini tafadhali, usipitishe umeme relini ukiwa unaiweka uani. Hewa yetu ya chumvi hula chuma na kuzuia umeme usipite. Weka betri ndani ya bodi, uendeshe kwa rimoti.