Kolo kwa siku moja kutoka Dodoma: wahi kutoka, na usiongeze kituo

Wengi waliohamia Dodoma na ofisi zao wanajua mambo mawili tu ya kufanya mwisho wa wiki: kushuka Dar es Salaam au kubaki ndani. Wakati huo huo, takriban kilomita 180 kaskazini mwa jiji, kwenye milima ya Warangi wilayani Kondoa, kuna michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Lami imefika mpaka Kolo, kijiji cha kuanzia kuipandia michoro hiyo, na kuendelea hadi Babati. Barabara hiyo ilizinduliwa 2018, na siku ya vumbi la kutwa nzima imekwisha. Unatoka alfajiri, unapanda mlima, unasimama mbele ya twiga aliyechorwa kwa udongo mwekundu, jioni unalala kwako.

Safari hii ya siku moja inawezekana kabisa, lakini huharibika kirahisi, na karibu kila inapoharibika sababu ni ileile: watu wamechelewa kutoka, halafu wamepanga vitu vingi.

Tuanze na saa. Ondoka Dodoma saa 11 alfajiri. Kilomita 180 kwa mwendo halali ni saa tatu hivi, kwa kuwa barabara inapita vijiji vingi na kila kijiji kina kibao cha 50. Polisi wenye tochi za kupima mwendo wapo, na wanajua vizuri mahali ambapo dereva husahau kibao baada ya mteremko. Ukitoka saa 11 unafika Kolo saa 2, ofisi inafunguliwa, na saa 3 na nusu unaweza kuwa unapanda kabla jua halijakaza. Ukitoka saa 2 asubuhi, kama wanavyofanya wanaosubiri kila mmoja anywe chai kwake, utapanda saa 7 mchana. Mawe yaliyochomwa na jua tangu asubuhi hukurudishia joto usoni na miguuni, watoto huanza kulia, wazee hukaa chini njiani, na mwongozaji hulazimika kukuonyesha mwamba mmoja tu badala ya mitatu.

Mwongozaji wako ni wawili, si mmoja, na wengi hawalielewi hili wanapolipa. Yupo wa kampuni au dereva anayekutoa Dodoma, na yupo wa pale Kolo anayetambuliwa na ofisi inayosimamia michoro. Bila huyu wa pili hupandi. Ni utaratibu, na ni kwa faida yako. Yeye ndiye anajua njia ipi imekatika kwa mvua, mwamba upi una nyuki wiki hiyo, na siku gani wazee wa kijiji wako mlimani kwa shughuli zao. Kwa hiyo unapozungumza na kampuni ya Dodoma, usiulize tu bei. Uliza kama ina leseni ya biashara ya utalii, ambayo wengi huiita TALA. Uliza bei hiyo imebeba nini: mafuta, kiingilio, malipo ya mwongozaji wa Kolo, chakula, maji? Uliza ni gari gani hasa litakalokuja, na kama wameshapiga simu Kolo kuthibitisha siku hiyo. Akikujibu "tutajua hukohuko", tafuta mwingine.

Gari lina habari yake. Noah itakufikisha Kolo kijijini bila shida, maana ni lami. Taabu huanza unapoacha lami kuelekea mlima wenyewe, unaojulikana kama Mungomi wa Kolo, ambako kuna maeneo matatu yanayotembelewa zaidi: B1, B2 na B3. Kutoka kijijini ni mwendo wa kilomita kadhaa za njia mbaya, mawe yaliyochomoza na mchanga mzito, kisha unamalizia kwa miguu. Hapo panataka gari la juu lenye foo-wili. Ukija na gari dogo, liache kijijini na uulize bodaboda kupitia kwa mwongozaji. Usijaribu "kidogo tu tuone". Gari dogo likizama mchangani, dereva hukanyaga mafuta, tairi linachimba, na baada ya dakika mbili gari limelala kwa tumbo. Dawa ni kuacha mafuta mara moja, kuchimbua mchanga mbele ya matairi yote, kupunguza upepo mpaka kama presha 20, na kutoka taratibu kwa gia ndogo bila kusimama. Kwa hiyo pampu ya kujaza upepo lazima iwe kwenye gari, pamoja na koleo na spea iliyo nzima. Ipige teke hiyo spea kabla ya kuondoka, usikubali kuambiwa ipo.

Jaza tangi Dodoma. Land Cruiser la dizeli hula lita moja kwa kilomita 7 au 8, na ukihesabu kwenda, kurudi na mizunguko ya mlimani unafika kama kilomita 400. Weka hesabu ya lita 50 hadi 57. Mkiwa sita mnagawana, na ndiyo maana safari hii ni nafuu kwa kundi na ghali kwa mtu mmoja.

Anayekwenda kwa basi anaweza, kwa kuwa mabasi ya Babati na Arusha yanapita Kolo. Tatizo liko kwenye kurudi. Mabasi yaliyotoka Arusha asubuhi hupita Kolo karibu na mchana, wakati wewe bado uko mlimani. Ukiamua basi, kubali kulala Kondoa mjini, na urudi kesho yake kwa utulivu. Kulazimisha siku moja kwa basi ni kujitafutia kusimama barabarani gizani.

Msimu ni Juni hadi Oktoba. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, zikianza mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo makorongo ya Kondoa hujaa ghafla hata kama juu yako hakuna wingu. Mvua imenyesha milimani. Korongo lililokuwa mchanga mkavu saa 3 linaweza kuwa mto saa 8. Ukienda Januari, mpigie mwongozaji wa Kolo asubuhi ileile kabla ya kuwasha gari, na akikwambia ahirisha, ahirisha.

Ukishapita njia panda ya kuingia Kondoa mjini, tazama ardhi yenyewe. Utaona makorongo mekundu yaliyochimbwa kama kwa mashine, na pembeni vilima vyenye vichaka vilivyofunga. Hii ndiyo ardhi iliyokuwa imemomonyoka mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Vichaka unavyoviona ni matokeo yake. Mwombe mwongozaji akueleze mkiwa mmesimama pale, dakika 10 zinatosha. Wazee wengi wa huku waliishi uamuzi ule, na walivyoupokea si sawa kila nyumba.

Pale Kolo, simama kwanza ofisini. Kuna kijumba cha makumbusho. Usikipite, kwa sababu ukiona nakala kubwa iliyo wazi kwanza, macho yako yatajua yatafute nini kwenye mwamba. Malipo ya serikali hulipwa kwa kontro namba, hivyo hakikisha simu ina chaji na salio, na mtandao usipokamata usubiri bila kugombana na mtu wa dirishani.

Sasa mlimani. Vaa viatu vilivyofunga mguu, vyenye soli inayokamata. Kandambili zimeshamwangusha mtu zaidi ya mmoja. Suruali ndefu, kwa sababu ya miiba. Maji lita tatu kwa kila mtu, moja na nusu upande nayo na iliyobaki ikae garini. Usijipulize manukato makali na usivute sigara chini ya miamba: nyuki hukaa kwenye nyufa, na wakichokozwa hakuna pa kukimbilia ila kuteremka mawe. Usitie mkono kwenye ufa ambao huuoni ndani. Mwenye magoti mabovu aje na fimbo na asikilize mwili wake. Kupanda ni kugumu, lakini kuteremka ndiko kunakoumiza.

Watu husema "mapango", ukajiandaa kwa tochi na giza. Si hivyo. Ni miamba mikubwa iliyoinama mbele kama upenu wa nyumba, na michoro iko kwenye ukuta wake, mchana kweupe. Na hapa ndipo wengi hukata tamaa dakika ya kwanza: wanaona doa jekundu, wanapiga picha, wanasema twende. Tulia. Keti chini ukutani, vua miwani ya jua, acha macho yazoee kivuli kwa dakika tano. Kama jua linapiga mwamba, watu wawili washike kanga juu kuweka kivuli. Polepole doa linakuwa mgongo, mgongo unapata shingo, na ghafla ni twiga. Karibu naye watu wembamba, warefu kama mianzi, wengine na vichwa vikubwa vya nywele zilizosukwa au vinyago, wataalamu hawajakubaliana. Mchoro mmoja unaojulikana sana Kolo una watu watano, wa katikati ameshikwa mikono kutoka pande zote mbili. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyekuja kunakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliona mtu anatekwa. Wengine wanaona ngoma ya kiibada. Tazama kwanza, amua mwenyewe, ndipo umuulize mwongozaji.

Tofautisha rangi mbili. Nyekundu ni laini, ina mistari myembamba, wanyama na watu: hii ni ya wawindaji na wachuma matunda. Nyeupe ni nene, imepakwa kwa kidole, maumbo na alama: hii ni ya wakulima waliokuja baadaye. Mahali nyeupe imekaa juu ya nyekundu, umeona kwa macho yako nani alitangulia. Ila si kila cheupe ni mchoro. Pimbi wanaishi humu, na mkojo wao ukikauka huacha michirizi myeupe na ya kahawia inayoteremka wima. Mchoro hauteremki na mvuto, una kingo.

Usiguse. Mafuta ya kidole hubaki kwenye mwamba. Usimwagie maji, hata ukiambiwa yatang'arisha rangi: ni kweli hung'aa kwa dakika chache, lakini maji huyeyusha chumvi za ndani ya jiwe, zikikauka zinaganda juu ya mchoro kama ukungu, na kila anayemwagia anaufukia mchoro zaidi. Usipige picha kwa flashi. Piga kwa mwanga wa kawaida, kisha kwenye simu ongeza rangi na kontrasti. Nyekundu iliyofifia hutokea yenyewe. Darubini ndogo inasaidia sana kwa michoro iliyo juu.

Jambo la mwisho huko juu ni la heshima. Mungomi si makumbusho tu. Warangi wanapanda kuomba mvua na kutafuta uponyaji. Unaweza kukuta majivu, masalia ya sadaka au harufu ya pombe ya mtama iliyonyunyizwa. Usiviguse, usivipige picha bila kuruhusiwa, usivifanyie mzaha. Ukikutana na wazee, shikamoo kwanza, halafu kaa pembeni mpaka mwongozaji azungumze nao. Wakisema leo eneo fulani halipitiki, halipitiki, na hilo si hasara ya kiingilio chako.

Chakula bebeni kutoka Dodoma na mle kivulini mkishateremka. Kondoa ni mji wenye Waislamu wengi: mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, na Ijumaa saa 7 msitegemee kuhudumiwa haraka. Msile hadharani kijijini mkijua watu wamefunga.

Mtu atasema, kwa kuwa tumefika, twende na ziwa Haubi, au tusogee mlima Hanang. Haubi ni nusu siku nyingine ya njia mbovu. Hanang una mita 3,400 na ushei, hauingii hata robo kwenye siku hii. UNESCO inahesabu miamba zaidi ya 150 yenye michoro kwenye kilomita za mraba 2,336, kwa hiyo mwenye kiu ya zaidi arudi siku nyingine kwa ajili ya Kolo yenyewe.

Saa 9 alasiri gari liwe kwenye lami kuelekea kusini. Mkiondoka saa 9 mnaingia Dodoma saa 12, mwanga ukiwa bado upo. Mkiondoka saa 11, kipande kirefu mtakiendesha gizani, na ndicho kipande ambacho ng'ombe wanarudi zizini, baiskeli hazina taa, na lori lililokufa limesimama katikati ya njia likiwa na matawi tu nyuma yake kukuonya. Ukiona matawi yametandazwa barabarani, shusha mwendo papo hapo. Lori lenyewe liko mita chache mbele.