Barua kwa mwanangu: Mama Mawese na daftari la madeni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, nikampa mama yako miwani naye akausoma, tukabishana mpaka chai ikapoa. Unauliza, kwa ajili ya tasnifu yako, kama Warundi waliokimbia mauaji ya kwao mwaka 1972 na kukaa hapa mjini walikuwa wamesahau yaliyowapata au walikuwa wanayaficha. Unasema mtaalamu wa anthropolojia, Liisa Malkki, aliwafuatilia mwaka 1985 na 1986 kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo na hapa Kigoma mjini. Wa Mishamo walisimulia mauaji yale kama historia ya taifa zima linalongoja kurudi kwao. Wa mjini walijitambulisha leo hivi, kesho vile, na jina la mkimbizi hawakulitaka.

Mimi mtu wa duka nitajuaje lililokuwa moyoni mwa mtu? Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mtu akivuka usiku kwa mtumbwi, asubuhi akauliza bei ya mihogo sokoni, hakuna atakayegeuka kumtazama. Ninachokijua ni daftari. Nimekwambia tangu ulipokuwa unakalia magunia ya sukari: mtu amepata kwao siku anapokopeshwa. Msaada hata mpita njia hupewa. Ukikopeshwa, maana yake watu wanaamini kesho utakuwepo.

Mama Mawese unamkumbuka, ulikula sana mihogo yake ya kuchoma. Alitoka upande wa Rumonge, Burundi, akiwa na mtoto mgongoni na bila mume. Mumewe alikuwa mwalimu, na mwaka ule jeshi la Micombero, rais wa Burundi wakati ule, lilikuwa likiwamaliza Wahutu waliosoma. Hilo nililisikia kwa wengine, yeye hakuwahi kunisimulia. Rumonge ni nchi ya michikichi kama kwetu, kwa hiyo kazi aliijua: kuchemsha, kutwanga, kukamua, kuchuja. Alianza na kibarua, baadaye akawa anachukua mafuta kwa wakulima mali kauli, anayauza kwa vipimo chini ya mwembe wetu, jioni analipa. Kufikia miaka ya tisini nusu ya mtaa ilikuwa inadaiwa naye.

Siku moja tu nilimwona yale ya kwao yakimgusa. Redio ilitangaza kwamba Rais Ndadaye wa Burundi ameuawa, Oktoba 1993. Alifunika madumu yake saa nne asubuhi, akaenda ndani. Kesho yake akafungua biashara. Basi, kusahau hakusahau. Ila kuficha? Mtu asiyeulizwa anaficha nini?

Babu yako alikuwa akisema yeye na Mama Mawese wote ni wakimbizi, kwa sababu mwaka huohuo wa 1972 Operesheni Kigoma, ile ya serikali ya kuhamishia watu vijijini, ilimtoa kwenye migomba yake ikampangia kiwanja kando ya barabara. Nilimkatalia mbele ya watu. Hakuna aliyemfuata babu yako na bunduki. Ingawa hata alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, migomba ile aliitaja mmoja mmoja, na mimi sikuwa tena na hamu ya kumkatalia.

Sasa 1997. Ulikuwa bado mdogo, tulikupeleka kwa shangazi yako usione. Kuanzia Septemba walikusanywa Warundi waliokuwa wakiishi nje ya kambi katika mkoa wetu, hata wale wa 1972, hata waliooa na kuolewa hapa. Ng'ambo kulikuwa na vita, watu walihofia itavuka mpaka, na sisemi hofu ile ilikuwa ya kubuni. Lakini Mama Mawese? Alipandishwa lori la kwenda kambini na kitenge alichovaa na sufuria moja. Nilisogea nikasema huyu namfahamu, ni mteja wangu tangu nifungue duka. Kijana mwenye orodha akaniuliza, ana karatasi? Nikakosa la kusema.

Kwa hiyo nakubali, karatasi ina kazi yake. Tena angalia ilivyokuja kugeuka: wale wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, waliotengewa makazi yao porini, ndio waliopewa uraia baadaye, zaidi ya watu 160,000. Waliojichanganya na sisi vijijini huku Kigoma hawakuwamo kwenye mpango ule wa kwanza. Aliyetengwa kapata cheti, aliyechanganyika kakosa. Ningekuwa ninaandika mimi hiyo tasnifu ningeanzia hapo. Lakini bado nasema, mtu amepata kwao siku anapokopeshwa. Cheti ni cha kumwonyesha askari. Sukari utaipata kwa jirani.

Na ushahidi ninao. Baada ya miezi kadhaa dereva mmoja aliniletea karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, mwandiko wa kitoto. Ilikuwa orodha ya watu wote wa mtaa wanaodaiwa na Mama Mawese, kila mmoja na kiasi chake. Chini ameandikisha: kata deni langu la sukari na mafuta ya taa, zinazobaki nitumie. Nilicheka mpaka mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mtu kabebwa kama gunia la mkaa, na huko kambini anafunga hesabu za mtaa! Nikazunguka na karatasi ile nyumba kwa nyumba. Watu walilipa. Wengine walilipa wakitazama chini, wengine waliongeza cha juu. Yule fundi viatu aliyekuwa akilalamika kila siku kwamba Warundi wanatujazia mji ndiye aliyelipa wa kwanza.

Mmoja hakulipa. Deni lake lilikuwa kubwa kuliko yote. Aliniambia, "Si ameshakwenda kwao huyo?" Kwao, kambini!

Sisemi ndiye aliyemchongea. Kuna aliyepeleka jina, maana wale hawakuuliza nyumba, walikwenda mlangoni moja kwa moja. Mama yako anasema deni si ushahidi, na kwamba mwaka ule hali ilikuwa mbaya, mtu ana watoto sita. Inawezekana. Inawezekana kabisa. Lakini jirani yake naye alikuwa na watoto sita, akalipa kwa dagaa.

Mama Mawese alirudi Rumonge wakati watu walipoanza kurejea kwa wingi, baada ya Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi wa Agosti 2000. Shamba la wazazi wake alilikuta na wenyewe wengine, kama ilivyowakuta wengi wa 1972 kule Rumonge na Nyanza-Lac. Na hao wengine nao wamezaa na kuzika pale, baadhi walipewa ardhi ile na serikali. Nani mwenye shamba? Wewe ndiye unayesoma, niambie. Salamu za mwisho nilizopata zilisema wamegawana nusu kwa nusu, hawaamkiani, ila msimu ukiwa mzuri yule bwana humpa mafuta mali kauli.

Ukienda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu usiwaanze na mauaji. Waulize nani anamkopesha nani, na nani aliacha kulipa. Mengine yatakuja yenyewe, kama yatakuja.

Na jina la yule mtu asiyelipa usiniulize tena kwenye simu. Anakuja dukani mpaka leo, mzee sasa kama mimi, tunaulizana habari za magoti. Namuuzia kwa pesa taslimu. Juzi aliomba nimwandikie kilo mbili za unga, nikamwambia daftari limejaa. Mama yako akampimia unga ule mlango wa nyuma bila kuniuliza, na hilo nalo bado tunabishania.

Baba yako