Wasomaji Wanauliza: Pasi Gani ya Kunyooshea Nywele Zangu?

Nywele zangu ni za kipilipili na sijawahi kuzitia dawa. Muuzaji ananishawishi nichukue pasi ya titani inayofika nyuzijoto 230, anasema nywele ngumu hazisikii moto mdogo. Je, ni kweli?

Si kweli, dada, na ushauri huo huharibu nywele. Kipilipili ni jina la mkunjo, halisemi lolote juu ya unene. Mtu anaweza kuwa na nywele tele zilizojikunja hasa, kumbe kila unywele mmoja mmoja ni mwembamba sana. Pasi nayo haichomi kichwa kizima, inachoma unywele mmoja mmoja. Tena unywele uliojikunja ni dhaifu kwenye kona zake, kwa hiyo una sehemu nyingi za kukatikia.

Pima kabla ya kununua. Chukua unywele mmoja uliong'oka wenyewe, safi na mkavu, uusokote kati ya kidole gumba na cha shahada. Usipouhisi kabisa, ni mwembamba. Ukiuhisi kama uzi wa kushonea, ni mnene. Ukiuhisi kidogo tu, ni wa kati. Rudia kwa nywele za utosini, za kisogoni na za kwenye panja, maana kichwa kimoja huweza kuwa na aina mbili.

Nywele nyembamba anza na nyuzijoto 130, usipite 150 za Selsiasi. Za kati, 160 hadi 180. Zilizo nene, nzima, zisizo na rangi wala dawa, 180 hadi 200. Juu ya hapo hatumshauri mtu yeyote afike akiwa nyumbani. Keratini, protini inayoujenga unywele, huanza kuharibika vibaya joto likikaribia 220, na unywele hauna uhai wa kujitibu. Angalia pia kipimo chenyewe: pasi iliyoandikwa 450 inahesabu kwa Farenhaiti, nayo ni kama 232 za Selsiasi.

Titani, chuma cha mabamba ya pasi hiyo, si mbaya. Hupasha moto haraka na kuupeleka kwenye nywele kwa nguvu, ndiyo maana huwafaa wenye nywele nene na mkono mzoefu. Kosa la sekunde mbili kwenye titani ni kubwa kuliko kwenye seramiki, yaani bamba la aina ya udongo wa kuchomwa. Kama ndiyo pasi yako ya kwanza, chukua seramiki, lakini uliza kama bamba lote ni seramiki au limepakwa juu tu. Rangi ya kupakwa hubanduka, chuma cha chini kinatokeza, nywele zinanasa na kuungua pale pale. Turmalini ni madini yanayochanganywa kwenye bamba kupunguza umeme tuli unaozisimamisha nywele. Ikiwepo ni vizuri, isikufanye uache mambo ya msingi.

Na la msingi kuliko yote ni kidhibiti joto chenye namba. Pasi ya kuwasha na kuzima tu, iache dukani hata ikisifiwa vipi. Kisha bonyeza mabamba: yawe na springi yanayobonyea kidogo na yakutane urefu wote, usione mwanga katikati. Upana wa sentimita 2.5 unatosha watu wengi. Nywele fupi na za pembeni zinataka 1.3 hivi, ndefu na nzito, 4 hadi 5.

Nikinyoosha asubuhi, mchana zimesharudi. Nimepandisha moto bado hazikai. Ninunue pasi kubwa zaidi?

Usinunue kitu bado, na urudishe moto ulipokuwa. Pasi hulegeza vifungo vidogo ndani ya unywele ambavyo hujifunga upya nywele zikipoa. Vifungo hivyo hivyo hulegezwa na maji. Kwa hiyo unyevu uliobaki ndani, jasho au hewa ya mvua hurudisha mkunjo, hata ungechoma kwa 230.

Osha, tia kondishena, suuza vizuri. Paka losheni ya kukinga joto yenye silikoni, kiasi cha sarafu kwa kila robo ya kichwa, uisambaze kwa chanuo. Mafuta mazito ya mgando yasubiri hadi umalize. Yakipakwa kabla huzilemea nywele na kufuka moshi. Kausha kwa draya huku ukizivuta kwa brashi mpaka zikauke kabisa, hasa za kisogoni, ambako watu wengi huishia nusu. Ukisikia mlio wa kuchemka pasi ikigusa nywele, acha mara moja: maji yaliyonaswa ndani yanageuka mvuke na kutoboa unywele kutoka ndani.

Gawa mafungu manne, ubane. Toa kifungu chenye upana wa sentimita 3 na chembamba kiasi cha kuona ngozi upande wa pili. Tanguliza chanuo lenye meno ya karibu, pasi ifuate nyuma yake, bila kusimama, kutoka sentimita moja juu ya ngozi hadi ncha. Mara moja, mbili zikishindikana. Kifungu kinene hunyooka nje tu, katikati kinabaki kilivyo, na hapo ndipo mtu anapita mara sita. Ziache zipoe kabla ya kuzichana au kuzifunga.

Nywele zangu zina dawa na nimeweka rangi. Naweza kutumia pasi?

Unaweza, kwa 150 kushuka chini, lakini si siku ile ile ya dawa au rangi. Kama umeziondoa rangi yake ya asili kwa blichi hadi zikawa za dhahabu, tungependa uiache kabisa. Wigi la nyuzi za bandia lisiguswe na pasi isipokuwa maelezo yake yanaruhusu, litayeyuka.

Nimeletewa pasi kutoka Marekani. Ichomekwe tu?

Soma maandishi madogo kwenye mpini. Ikisomeka 100–240V, badilisha kichwa cha plagi tu. Ikisomeka 120V peke yake na umeme wako ni wa 220 au 240, itaungua. Adapta ya plagi haipunguzi umeme.

Nimeosha nywele baada ya miezi ya kupiga pasi, na za mbele hazijikunji tena. Zitarudi?

Sehemu hiyo haitarudi. Joto limeubadilisha muundo wa keratini yenyewe, na hakuna stimingi wala krimu inayoukunja upya. Inayoota mzizini ni nzima. Punguza ncha sentimita 1 au 2 kila baada ya wiki 6 hadi 8, na ushike kwa upole pale nywele mpya inapokutana na iliyoungua, kwa sababu hukatikia hapo. Pasi ikae kabatini mpaka sehemu yote iliyoungua iishe kukatwa.