Baiskeli ya haibridi ya mtumba au ya mlima mpya kwa safari ya Sinza–Posta? Chukua haibridi

Mkuu umesema unakaa Sinza hapa Dar, ofisi iko Posta, mkononi una laki tatu na nusu, unataka baiskeli ya kwendea kazini na kupunguza mwili, na umekwama kati ya ile ya mlima mpya yenye shokapu mbele na nyuma na hii haibridi ya mtumba, yaani mchanganyiko wa baiskeli ya lami na ya mlima, yenye usukani ulionyooka. Mimi natumia haibridi njia hiyohiyo, ni Giant Escape iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika, na nakujibu moja kwa moja: chukua haibridi, ila iwe saizi yako na hela yote usiimalizie kwenye baiskeli.

Sababu ya kwanza ni hizo shokapu. Baiskeli mpya ya bei hiyo yenye springi mbele na nyuma inakuwa nzito, na kila ukikanyaga nguvu yako inaishia kwenye springi badala ya kusukuma tairi, ni kama kukimbia kwenye mchanga wa ufukweni. Lami ya Shekilango na Morogoro Road haina shida inayohitaji springi. Alafu zile springi za bei rahisi zikipata chumvi ya hewa ya huku pwani zinashika kutu ndani, zinaganda, unabaki umebeba chuma tu. Haibridi foku yake, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ni ngumu, hakuna cha kuharibika pale, na tairi la upana wa milimita 32 au 35 lenye upepo wa kiasi linameza vishimo vya kawaida vizuri kabisa. Yangu ilikuja na 28 nikaona zinapiga sana kwenye viungo vya zege nikaweka 32, nikajaza upepo wa psi 65 hivi (kipimo cha upepo kwenye pampu), mikono ikapumzika. Kabla hujanunua pana zaidi angalia nafasi kwenye foku na kwenye breki, sio kila fremu inakubali.

Usukani ulionyooka nao una kazi yake mjini. Unakaa mgongo umeinuka kidogo, unaona juu ya bajaji, na vidole viko kwenye breki muda wote, hiyo ndo inakuokoa daladala ikikata ghafla kuingia kituoni. Ubaya wake mikono inakaa sehemu moja tu, ukizidi nusu saa viganja vinaanza kufa ganzi. Funga vile vipembe vya pembeni mwa usukani, bei yake ndogo sana, unabadilisha mshiko na ganzi inaisha.

Sasa hapa naomba usome taratibu maana ndo watu wengi wanapoteza hela. Tairi la haibridi linaandikwa 700C, kipimo chake halisi ni 622, yaani milimita za pale tairi linapokaa kwenye ringi. Tairi za zile baiskeli za Phoenix za wazee wetu zinaandikwa 28 x 1½ na kipimo chake ni 635. Sa hivi ukienda dukani ukasema "nipe tairi ya 28" unaweza kupewa ya Phoenix, utafika nyumbani utakuta inachezacheza kwenye ringi, haikai. Ya mlima ya 26 ni 559, hiyo ndo haiingii kabisa. Ila tairi za 29 za baiskeli za mlima ni 622 vilevile, kipenyo ni kimoja na haibridi ila nyingi ni pana mno kwa fremu yetu. Kwahiyo usitaje inchi, soma ile namba ndogo ubavuni mwa tairi, kama 32-622, itaje hivyohivyo.

Na valvu pia. Haibridi nyingi za Japani na Ulaya zina ile valvu nyembamba yenye kikokwa juu unachokifungua kwanza ndo upepo uingie. Pampu za mafundi wengi wa mtaani na upepo wa sheli haviingii pale. Tafuta kile kiadapta kidogo cha shaba, ni cha kufunga kwa vidole, na nunua viwili maana ni kidogo kinapotea. Tyubu za valvu hiyo ukizipata chukua za akiba. Fundi akikwambia atoboe ringi kupanua tundu ili aweke tyubu ya valvu nene, kwenye ringi nyembamba mkatalie, unaidhoofisha.

Ukienda Kariakoo kuchagua usiangalie rangi. Inua gurudumu lizungushe, ringi isiyumbe kwenye breki. Shika tairi litikise kushoto kulia, likicheza kuna kazi ya gololi kwenye haba, pale katikati ya gurudumu. Pitisha jicho kwenye fremu karibu na usukani na chini ya pedeli, rangi iliyopasuka mstari ni dalili mbaya, iache hapohapo hata kama bei imeshuka. Cheni ipime kwa rula ya inchi: pini hadi pini, pingili 12 kamili ni inchi 12, ikizidi moja ya kumi na sita cheni imechoka, ikifika moja ya nane jua na meno ya gia ya nyuma yameshaliwa, hapo punguziwa bei maana utanunua vyote viwili. Kuhusu breki, hizi za raba zinazobana ringi zinatosha kabisa, fundi yeyote anaziweza, raba zinapatikana. Diski za bei rahisi zinahitaji mkono wa mtu anayezijua na hao ni wachache.

Hela igawe. Baiskeli ikikula laki mbili na nusu, inayobaki iende kwa kofia, taa ya mbele na nyekundu ya nyuma, kufuli nzito ya U, madigadi, keria na begi la kuning'inia pembeni. Begi la mgongoni kwa joto la Dar sikushauri, unafika shati limeganda mgongoni. Kufuli ifunge fremu pamoja na gurudumu, sio gurudumu peke yake, na kama magurudumu yana vile vishikio vya kufungua kwa mkono badilisha uweke nati. Namba ya fremu mara nyingi iko chini ya ekseli ya pedeli, ipige picha, risiti itunze.

Njia: kutoka Sinza teremka Shekilango hadi Morogoro Road, hapo unakuta ile njia ya pembeni ya baiskeli iliyojengwa pamoja na barabara ya mabasi ya mwendokasi, unapita Manzese, Magomeni, Jangwani, Fire, mpaka mjini. Kwa jumla ni kama kilomita 10. Sehemu nyingine bodaboda wameegesha na bidhaa zimepangwa chini, inabidi upunguze mwendo, piga kengele na uwe na subira na watu wa miguu. Njia ya mabasi yenyewe usiingie, hairuhusiwi na basi likija huna pa kukimbilia. Masika yakichanganya, Jangwani panajaa maji barabara inafungwa, siku hiyo acha baiskeli nyumbani, yale maji usiyajaribu hata kama unaona wenzako wanavuka.

Kuhusu mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo safari kwa mwendo wa kawaida ni dakika 40 hivi, kwenda na kurudi siku tano unavuka 300 bila kulipia gym na bila kutafuta muda mwingine wa mazoezi, na hii ndo sababu kubwa naipenda hii kitu kutoka moyoni, maana muda wa foleni umegeuka kuwa muda wa afya. Kwangu pumzi ndo ilibadilika kwanza, ngazi za ofisini nikawa napanda naongea, alafu mkanda ukaanza kurudi tundu za ndani, mizani ilichelewa sana. Ila ukifika ukashushia soda mbili na chapati za ziada mizani haitasogea, kwa hilo sikufichi.

Jasho ni la kawaida. Toka saa kumi na mbili na robo kabla jua halijakaza, kilomita ya mwisho punguza mwendo mwili upoe, fika mapema, taulo dogo lenye maji, shati liko kwenye begi. Wiki ya kwanza wenzako watauliza, baadae wanazoea.

Siti weka urefu huu: kisigino kikiwa kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudisha unyayo wa mbele kwenye pedeli goti linabaki limekunjika kidogo, hapo sawa. Maumivu mengi ya magoti yanatokana na siti kuwa chini. Cheni ifute kila wiki na uipake mafuta mepesi, ya cherehani yanafaa, oil chafu ya gari inakusanya mchanga na kusaga kila kitu.

Umeuliza pia kama shemeji mwenye sentimita 158 anaweza kuitumia hiyohiyo wikiendi wakati wewe una 180. Kushusha siti hakutoshi mkuu, umbali wa kutoka siti hadi usukani unabaki wa kwako. Mtafutie fremu yake ndogo, na akiijaribu akae aangalie viwiko: vikikunjika kidogo na mabega yametulia ni yake, mikono ikinyooka kabisa ndo afikie usukani airudishe asubiri nyingine.